FILTA YA KWELI NA FILTA YA KUIGA: NI NANI ALIPAYE?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, Kisumu. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile.)



Tumepewa nafasi tuseme juu ya kitu kidogo kinachoenea mkononi, yaani filta ya mafuta ya injini ya mashua. Wengine watauliza, sisi watu wa reli tuna nini na mashua? Jibu si refu. Reli ilifika hapa ziwani mwaka 1901, na tangu siku hizo mzigo ulioshuka behewani ulipanda melini. Feri ya mabehewa MV Uhuru, iliyojengwa miaka ya 1960, ilirudi kazini mwaka 2019 baada ya kulala miaka mingi, ikabeba mabehewa ya mafuta kwenda Port Bell, Uganda. Wapo wenzetu wanaotunza injini za meli na motaboti. Tena tusifichane: wengi wetu hapa, zamu ikiisha, tuna mashua ya ndugu au ya shemeji kule Dunga, Usenge au Mbita, na injini ikigoma ni sisi tunaoitwa, maana twajulikana kuwa mafundi wa dizeli.

Lakini iko tofauti moja ambayo fundi wa reli yampasa aikumbuke kila ashikapo spana karibu na maji. Injini ya treni ikizimika njiani, treni husimama juu ya reli yake. Dereva hutoa habari, watu hungoja, karani hukasirika, na mwisho injini nyingine huja kuvuta. Mashua ikizimika haisimami. Upepo huichukua, huigeuza ubavu kwa mawimbi, na hapo ndipo maji huanza kuingia. Kwa hiyo filta ambayo katika gereji ni jambo la kuchelewa kazi, ziwani ni jambo la roho za watu.

Sasa tuseme filta yenyewe hufanya nini. Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia moto. Huwaka kwa sababu hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa ya moto sana, kisha pampu husukuma mafuta kwa nguvu sana kupita katika matundu madogo ya nozeli. Katika injini za siku hizi nguvu hiyo huweza kufika baa 2,000, wakati tairi la lori halifiki baa 10. Ili pampu iweze kushika nguvu hiyo, chuma hukaa ndani ya chuma kwa nafasi ndogo mno, kama mikroni 2 hadi 4. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 70. Basi mchanga ambao jicho halioni, kwa pampu hiyo ni kama kokoto ndani ya ugali. Na maji ni mabaya zaidi, kwa kuwa dizeli ndiyo mafuta ya kulainisha pampu, na maji hayalainishi. Huleta kutu na kuvua ncha za nozeli.

Kwa sababu hiyo injini ya dizeli ya mashua iliyofungwa vizuri huwa na filta mbili. Ya kwanza iko kati ya tanki na pampu ya kuvutia, nayo ni ile yenye kikombe chini, ya kutenga maji. Mara nyingi huwa ya mikroni 10 au 30. Ya pili iko juu ya injini, nayo ni laini zaidi, hata mikroni 2 katika injini mpya. Hizi mbili hazibadilishani kazi. Tumeona watu wakifunga filta laini mahali pa ile ya kwanza wakidhani wanaongeza usafi, kumbe wanainyima injini mafuta.

Karatasi iliyomo ndani siyo karatasi ya daftari. Hutengenezwa kwa nyuzi za miti, pengine zimechanganywa na nyuzi za kioo, ikatiwa gundi ngumu, ikaokwa kwa moto, ikakunjwa mikunjo mingi yenye nafasi sawasawa. Katika filta ya kutenga maji hutiwa dawa ili matone ya maji yakatae kupita, yakusanyike, yaanguke chini ya kikombe. Kazi hiyo yote haionekani kwa nje. Kwa nje twaona kopo, rangi, na maandishi. Hapo ndipo mwenye kuiga hupata nafasi yake: huiga kile kinachoonekana.

Sasa, ndugu, twataka kusema jambo ambalo watu wengi hulishika kinyume. Huwa twasikia nahodha akisifu filta ya bei ndogo: "Hii ni nzuri, haizibi upesi kama ile ya ghali." Hasha! Kazi ya filta ni kushika uchafu, na filta inayoshika uchafu lazima mwisho wake izibe. Ikiwa karatasi ina matundu makubwa, au gundi ya kwenye ncha imeachia, mafuta hupita pembeni pamoja na uchafu wake wote, na injini huenda raha mustarehe. Haina upungufu wa nguvu, haitoi moshi, haina kelele. Miezi inapita. Kisha siku moja pampu hukwama au nozeli huanza kumwaga mafuta ovyo, na wakati huo filta ile iliyofanya hasara imetupwa kitambo, na iliyomo injini ni nyingine. Nani atakumbuka ile ya zamani? Atakumbukwa fundi wa mwisho kuishika injini.

Ziko pia za kuiga ambazo ubaya wao ni wa upande wa pili. Mwenye kuzitengeneza amepunguza karatasi, akaweka mikunjo michache ndani ya kopo lile lile. Hii huziba mapema. Na huziba lini? Fikirini tanki la mashua. Chini yake yamekaa maji, kutu na ule utelezi mweusi unaoota pale dizeli inapokutana na maji, kwa maana viko vijidudu vinavyoishi hapo na kula mafuta. Ziwa likiwa shwari uchafu huu hulala. Upepo wa alasiri ukianza kuvuma na mashua ikaanza kuruka, vyote huamka, vikachanganyika, vikaelekea filta kwa mara moja. Filta yenye karatasi ya kutosha huvumilia mpaka mfike gatini. Filta yenye karatasi haba hukata mafuta saa ile ile mnapoihitaji injini kuliko saa zote. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Maji ya tanki hujaa hivyo hivyo, tone kwa tone, usiku baada ya usiku, hasa tanki likiachwa nusu tupu.

Tena iko raba. Raba mbaya hunywa dizeli ikavimba, au hukauka ikapasuka. Ikiwa filta iko upande wa kuvuta, huwezi kuona hata tone moja likivuja nje, kwa sababu pampu huvuta hewa iingie ndani badala ya kutoa mafuta nje. Injini hukohoa, hushuka nguvu, huzimika. Unatoa hewa, inawaka, baada ya nusu saa inazimika tena. Fundi anaweza kufungua injini nzima akitafuta kosa, na kosa ni raba ya shilingi chache. Ikiwa filta iko upande wa kusukuma, hatari ni kubwa zaidi: mafuta huruka nje kama mvua nyembamba, na bomba la moshi liko karibu. Sheria za kimataifa za meli zinataka sehemu yoyote yenye joto kupita digrii 220 ifunikwe pale ambapo mafuta yakivuja yanaweza kuifikia. Sheria hiyo haikuandikwa kwa kupenda kuandika. Na sisi tulio na motaboti ndogo, nani ametufunikia?

Tusiwasahau wenzetu wenye mashine za petroli zinazofungwa nyuma ya mtumbwi. Ziwani na pwani, toka hapa hadi Lamu, nyingi ni Yamaha, na spea zake huigwa sana kwa sababu wanunuzi ni wengi. Huko utaona mtu amekata mpira wa mafuta akatia kile kifilta cheupe cha plastiki cha pikipiki. Kinachuja, ndiyo, lakini hakikutengenezwa kwa kazi ya majini, kwa jua la kutwa nzima na mtikiso usiokoma. Kikipasuka, petroli humwagika ndani ya chombo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka chini ukakaa kule kwenye sakafu ya mashua ukingoja cheche. Mwenye sigara hana habari.

Mpaka hapa mtu atadhani twasema, nunua tu ile yenye jina la kampuni ya injini, na maneno yamekwisha. Hapana, hatusemi hivyo, na ni vizuri jambo hili lieleweke, maana mfanyi kazi hana fedha za kutupa. Kampuni nyingi za injini hazitengenezi filta zenyewe. Hununua kwa viwanda vya filta, zikatiwa kopo lenye rangi na jina la injini. Viwanda hivyo hivyo huuza filta zao kwa jina lao wenyewe, na mara nyingi kwa bei nafuu. Mtu akinunua Mann, Donaldson, Fleetguard au Racor iliyo ya injini ile, hakununua kitu cha kuiga. Amenunua kitu cha kweli chenye jina lingine. Kwa hiyo kuna namna tatu, siyo mbili. Iko yenye jina la injini. Iko yenye jina la kiwanda kinachojulikana, ambacho husema wazi filta yake imepimwa kwa njia gani. Na iko ile isiyo na mwenyewe, au mbaya zaidi, ile iliyoiba jina la mwingine. Watu wa dukani huita zote "orijino" na "feki" kana kwamba ni wali na maharagwe. Ni juu yetu kujua zaidi kuliko wao.

Maandishi ya "10 mikroni" juu ya boksi peke yake hayatoshi. Inashika uchafu wa mikroni 10 wote, au nusu yake? Filta mbili zinaweza kuandikwa 10, moja ikashika karibu wote na nyingine ikashika nusu, na wala hakuna aliyesema uwongo. Ndiyo sababu viko vipimo vya kimataifa, kama ISO 19438 kwa kushika uchafu wa dizeli na ISO 16332 kwa kutenga maji. Kiwanda kizuri hukuonyesha hesabu zake za vipimo hivyo ukiuliza. Muuzaji akicheka unapouliza, nawe umepata jibu.

Kuna wanaotazama kibandiko kinachong'aa juu ya boksi wakasema hii ni ya kweli. Kibandiko nacho huigwa. Sisi twaona alama zilizo bora ni namba ya spea ilinganishwe na kitabu cha injini, uzito wa filta mkononi, uzi wa skrubu uwe safi bila vipande vya chuma, raba ikae sawa katika mfereji wake, na risiti yenye jina la duka. Muuzaji asiyetaka kuandika risiti anajua kwa nini hataki. Tangu mwaka 2008 iko sheria ya Kenya ya kupinga bidhaa bandia, na kuuza bandia ni kosa. Lakini sheria bila risiti itamshika nani?

Njia iliyo bora kupita zote ni kupasua. Filta iliyotoka kazini isitupwe. Ikatwe kwa kikata kopo, siyo kwa msumeno, kwa kuwa unga wa chuma utachanganyika na uchafu mtakaotaka kuutazama. Karatasi itolewe, mikunjo ihesabiwe, ilinganishwe na ile ya kweli. Tazameni kama mikunjo imeshikana, kama karatasi imelegea kama mkate uliolowa chai, kama gundi ya ncha imeachia. Kwa filta ya kutenga maji, katika ile mpya iliyo kavu, mnaweza kutia tone la maji juu ya karatasi: lenye dawa nzuri hukaa limeviringika kama umande juu ya jani la nduma, karatasi mbaya hulinywa mara moja.

Na kwa haki yote tuseme pia, filta ya kweli haiponyi uzembe. Wako wanaoosha filta ya karatasi kwa petroli wakairudisha. Hiyo, ingawa ilinunuliwa kwa bei kubwa, sasa ni mbovu kuliko ya kuiga. Wako wanaojaza filta laini kwa mafuta ya debe kabla ya kuifunga ili wasichoke kupampu kwa mkono, na mafuta yale hayakuchujwa na kitu. Maji ya kikombe yatolewe kila asubuhi kabla ya kuwasha. Ni kazi ya dakika mbili.

Sasa tufike kwenye jambo la chama, maana hatukuja hapa kufundishana ufundi tu.

Nani anachagua filta? Siyo fundi. Fundi huandika katika kitabu, karani wa stoo hutafuta bei, mkubwa fulani hutia sahihi, na kinachorudi ni kile cha bei ya chini. Tuweke mfano tu: ya kweli iwe shilingi 1,800 na ya kuiga shilingi 600. Yule aliyenunua ameokoa shilingi 1,200, na mwisho wa mwezi hesabu yake yapendeza. Pampu ikifa, hasara haiandikwi kwenye ukurasa wake. Huandikwa kwenye ukurasa wa matengenezo, na jina lililoko hapo ni la fundi. Faida yakaa meza moja, hasara yakaa meza nyingine, na hatari imekaa ndani ya mashua pamoja na nahodha na abiria wake.

Jambo la namna hii lilimpata mwenzetu mmoja aliyekuwa akitunza injini ya motaboti ya mwajiri ambaye hatutamtaja. Aliandika namba ya filta aliyoitaka. Stoo ikamletea nyingine. Akaandika tena kwamba hii siyo, akaambiwa afunge, kazi isisimame. Baada ya miezi kadhaa pampu ikakwama. Barua ikaja kwamba ameharibu mali kwa uzembe na atakatwa mshahara kila mwezi mpaka gharama itimie. Mtu ana watoto shuleni! Kamati ilipokwenda haikwenda na makelele. Ilikwenda na kitabu cha stoo chenye maandishi yake mara mbili, na filta yenyewe, ambayo kwa akili yake alikuwa ameifunga katika mfuko na kuandika tarehe. Ikapasuliwa mbele ya meneja. Karatasi ilikuwa imeachia kopo upande mmoja, nafasi ya kupitisha kidole. Ile barua ikaondolewa.

Kila mwanachama ajue sheria inasemaje. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyi kazi. Makusudi, ndugu. Kufunga filta uliyopewa, baada ya kuandika kwamba siyo, si makusudi ya kuharibu. Tena sheria ya usalama na afya kazini, ya mwaka huo huo 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyi kazi amwarifu mkubwa wake akiona hatari kubwa, na yule aliyeondoka mahali pa hatari ya kweli kwa sababu ya haki hafukuzwi kazi kwa ajili hiyo. Nahodha anayeambiwa avuke na injini inayozimika kila nusu saa ana kifungu hicho mfukoni. Lakini aandike. Neno la mdomo hupeperuka pamoja na upepo wa ziwa.

Kwa hiyo kamati yaomba ruhusa yenu kupeleka kwa mameneja maneno haya: kwamba stoo isibadilishe namba ya filta bila sahihi ya fundi atakayeifunga; kwamba spea za injini za majini zinunuliwe kwa maduka yanayotoa risiti, na nakala ya risiti ikae pamoja na kitabu cha injini; na kwamba filta iliyotoka ihifadhiwe na tarehe yake mpaka badiliko linalofuata. Hatuombi ya bei kubwa kuliko zote. Twaomba ile iliyo sawa, iwe ya jina la injini au ya kiwanda kinachojulikana. Meneja akisema fedha hakuna, tumwonyeshe bei ya pampu moja, kisha tunyamaze aihesabu mwenyewe.

Ikiwa kuna mwenye jambo la kuongeza, hasa wenzetu wa mashine za petroli ambao hatukuwasemea vya kutosha, Mwenyekiti atampa nafasi. Filta tatu tulizozipasua ziko pale mezani, mbili za kuiga na moja ya kweli, hazina majina. Kila mmoja achague mwenyewe kabla hatujasema ipi ni ipi. Wenye sigara wazizime kwanza, karatasi zile bado zina mafuta.